Mauti Mema: Safari ya Neno Moja

Katika dua ambazo watu wa pwani yetu huzisikia tangu utotoni, zikisomwa mwisho wa hitima au baada ya sala ya Ijumaa na kuitikiwa amini na wakubwa na wadogo, hamna inayotoka kinywani kwa unyenyekevu zaidi kuliko ile ya kumwomba Mwenyezi Mungu husnulkhatima, yaani mwisho mwema; na yule anayeiomba, hata akiwa kijana mwenye nguvu za kubeba gunia la mchele begani, hujua moyoni kwamba anaomba jambo asiloweza kulinunua kwa mali wala kulitengeneza kwa mikono yake. Zamani sana, kabla ya neno hilo la Kiarabu kufika katika mwambao huu, Wagiriki walikuwa na neno lao lililokaribiana nalo kama pacha na pacha: eu, yaani vyema, na thanatos, yaani mauti; nayo yalipounganishwa yakawa eutanasia, mauti mema. Leo neno hilo likitajwa katika mabunge na mahakama za Ulaya halina tena harufu ya dua; maana yake ni tabibu kuyakatisha maisha ya mgonjwa wake kwa kumhurumia, na Waarabu wa zama zetu walipotaka kulifasiri hawakuligusa kabisa lile neno lao la husnulkhatima, bali walikiita kitendo hicho qatl ar-rahma, mauaji ya rehema.

Jinsi neno lililotoka kinywani mwa mwombaji lilivyokwenda likaingia katika vitabu vya sheria, na mambo yaliyowapata wanadamu njiani, ndiyo kadhia ninayotaka kuisimulia. Naisimulia kwa sababu naamini kwamba katika hoja hii ndefu, baina ya wanaodai uhuru wa kufa na wanaoutetea utakatifu wa uhai, mgonjwa mwenyewe, ambaye kwa ajili yake maneno yote hayo husemwa, amesahauliwa mara nyingi kuliko alivyokumbukwa; na waliomkumbuka ni wale waliokaa kando ya kitanda chake wakamwuliza anaumwa wapi, wakangoja kusikia jibu.

Mwandishi wa Kirumi Suetonius, katika kitabu chake cha maisha ya Makaisari, asimulia kwamba Kaisari Augusto, kila alipopata habari kuwa fulani amekufa upesi na bila ya maumivu, alikuwa akiwaomba miungu yake wampe yeye na watu wake eutanasia ya namna hiyo, na neno alilolitumia lilikuwa hilo hilo la Kigiriki. Akafa katika mji wa Nola, mwezi wa Agosti mwaka wa 14 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, akiwa hajatimiza miaka 76, mikononi mwa mkewe Livia, akimuaga na kumkumbusha ndoa yao. Katika kisa hicho hamna tabibu aliyekuja na kikombe, wala hamna mtu aliyemsaidia Kaisari kufa. Neno lilikuwa bado jina la neema, na neema haina mtu anayeimiliki.

Lakini isidhaniwe kuwa watu wa kale hawakujua njia ya pili. Katika mji wa Massalia, ambao leo ndio Marseille, mwandishi mwingine wa Kirumi aitwaye Valerius Maximus aeleza kwamba sumu ilihifadhiwa na serikali ya mji, akapewa yule aliyefika mbele ya Baraza la Mia Sita akaeleza sababu zake za kutaka kufa, na Baraza likaziona ni sababu za haki. Katika vitabu vya wale wale Wagiriki tunakuta pia kiapo kinachonasibishwa na Hippocrates, ambaye matabibu wa Kiislamu walimwita Bukrati, na ndani yake tabibu huahidi kuwa hatampa mtu dawa ya kuua hata akiombwa, wala hatamshauri jambo hilo. Mtu hakatazwi jambo ambalo hakuna anayelifanya: kuwapo kwa kiapo ni dalili kwamba mlango ulikuwa wazi na kwamba wako waliotaka ufungwe. Kwa hiyo hoja hii haikuzaliwa jana, wala haikuletwa na mashine za hospitali za siku hizi, kama wengi wanavyodhani.

Dini za Mungu mmoja zilipotawala nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, mlango ule ulifungwa kwa muda wa zaidi ya miaka elfu. Mtakatifu Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alifundisha kwamba amri ya kutoua humzuia mtu kumuua mwenzake na humzuia pia kujiua nafsi yake. Na karne nane baadaye Toma wa Akwino akatoa hoja tatu, kwamba anayejiua hukosa dhidi ya maumbile yake yanayopenda kuishi, na dhidi ya jamaa aliyo sehemu yao, na dhidi ya Mungu ambaye uhai ni hiba yake na amana yake. Kwa Waislamu hukumu ilikuwa wazi tangu mwanzo. Imepokewa katika hadithi sahihi habari ya mtu wa umma uliotangulia aliyekuwa na jeraha, akashindwa kustahamili, akatwaa kisu akaukata mkono wake, damu ikatoka isisimame hata akafa. Na Mola akasema kuwa mja huyo amemharakia, kwa hiyo Pepo ameharimishiwa. Wanazuoni wetu waliisoma hadithi hiyo darasani katika miskiti ya Lamu na Unguja, na kila mwanafunzi aliyeisikia alijua kwamba maumivu ya yule mtu yalikuwa ya kweli, na kwamba ukweli wa maumivu haukuugeuza uovu wa tendo kuwa wema.

Iko hadithi ya pili ambayo haisimuliwi sana katika hoja hii, nami naona ni taksiri kuiacha. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alimwonyesha mmoja wa wanafunzi wake mwanamke mweusi, akamwambia kuwa huyo ni mtu wa Peponi, kisha akamweleza sababu: mwanamke huyo alikuwa na kifafa, alimwendea Mtume akamwomba amwombee apone, akapewa hiari mbili, aombewe apone au asubiri alipwe Pepo, naye akachagua kusubiri, ila alikuwa akifunukwa nguo maradhi yalipomshika, akaomba dua asifunukwe, akaombewa. Kwa hadithi hiyo na nyinginezo, wengi katika mafakihi walishika kauli kwamba tiba ni jambo jema lakini si faradhi juu ya kila mgonjwa, na kwamba anayeacha dawa hahesabiwi kuwa amejiua. Tazama basi jinsi mstari ulivyochorwa mapema, karne nyingi kabla ya mashine za kupumulia: kuharakisha ajali ni haramu, lakini kuilazimisha ikae mlangoni si wajibu. Tazama tena kile alichokiomba mwanamke yule. Katika taabu yake yote, lililomwelemea kuliko maradhi lilikuwa aibu ya kufunuliwa mbele ya watu, nayo aibu hiyo ilisikilizwa ikaondolewa. Kila nikisoma habari hii huona kwamba yeye aliulizwa anaumwa wapi.

Katika Ulaya, aliyeugusa tena mlango uliofungwa alikuwa Mwingereza Thomas More, katika kitabu chake cha mwaka 1516 kiitwacho Utopia, alichokitunga kwa Kilatini juu ya kisiwa kisichokuwapo. Katika kisiwa hicho, mwenye maradhi yasiyopona na maumivu yasiyokoma huendewa na makuhani na wakuu wa nchi, wakamshauri kwamba afadhali afe. Akikubali hufa kwa hiari, na akikataa huendelea kuuguzwa kwa uzuri ule ule. Wataalamu wameshindana hata leo juu ya neno hilo, kama More alilipenda au alilitaja tu katika kusimulia desturi za watu wasioujua ufunuo. Lililo yakini ni kwamba mwenyewe aliipoteza shingo yake mwaka 1535 kwa kushika imani ya Kanisa lake, na Kanisa hilo likamtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1935. Namwomba msomaji auweke mwaka huo akilini, kwa maana tutaurudia.

Miaka 70 baada ya kifo cha More, Francis Bacon aliandika kwamba kazi ya tabibu si kurudisha afya tu, bali pia kupunguza maumivu, na si pale tu kupunguza kunapoelekea kuponya, bali hata pale ambapo hakuna tena tumaini, ili mtu aondoke duniani kwa upole. Akaiita kazi hiyo eutanasia ya nje, ili aitenge na ile ya ndani, ambayo ni kuiandaa roho, na ambayo aliwaachia watu wa dini. Hiki ndicho kituo cha pili cha neno letu. Mauti mema, yaliyokuwa kwa Augusto ni neema inayoombwa, kwa Bacon yakawa wajibu wa mtu mwenye elimu juu ya mtu mwenye maumivu. Nao wajibu huo haukuwa kumuua, bali kutomkimbia. Bacon aliwalaumu matabibu wa zamani zake ambao mgonjwa akishaonekana haponi humwacha. Lau dunia ingalisimama katika kituo hicho na kukifanyia kazi, huenda nusu ya yaliyofuata yasingalitokea.

Haikusimama, kwa sababu ya dawa. Afyuni ilijulikana tangu kale, na Ibn Sina ameielezea nguvu yake na hatari yake katika Kanuni yake. Lakini mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Sertürner, msaidizi katika duka la dawa mjini Paderborn, aliitoa ndani ya afyuni ile nguvu yenyewe, tunayoiita mofini, na katikati ya karne hiyo ikapatikana sindano ya kuitia mwilini, na klorofomu ya kumlaza mtu asisikie kisu. Kwa mara ya kwanza katika taarikhi ya binadamu, kitu kilichoondoa maumivu na kitu kilichoweza kuondoa uhai kwa upole vilikaa katika chupa moja, katika mkoba wa mtu mmoja. Mwaka 1870 Mwingereza aitwaye Samuel Williams, ambaye hakuwa tabibu, alitoa insha katika chama kidogo cha wanafikira mjini Birmingham, akishauri kwamba katika kila maradhi yenye maumivu yasiyo na tumaini, mgonjwa akitaka, tabibu awe na haki ya kutumia klorofomu si kumlaza tu bali kumwua. Insha yake aliipa jina la Eutanasia. Neno likafika kituo cha tatu, na tangu siku hiyo halijarudi nyuma.

Sasa twende kwenye mwaka 1936, ambao ndio kiini cha kisa hiki. Mwezi wa Disemba mwaka 1935, mwaka ule ule More alipotangazwa mtakatifu, kulifunguliwa mjini London chama cha kuitafutia eutanasia ya hiari sheria, kwa juhudi ya Dokta Killick Millard, aliyekuwa mganga mkuu wa afya wa mji wa Leicester, na rais wake wa kwanza akawa Lodi Moynihan, mpasuaji mwenye sifa kubwa. Kabla chama hicho hakijatimiza miezi miwili, Mfalme George wa Tano, ambaye kichwa chake kilikuwa juu ya shilingi zilizotumiwa sokoni Mombasa na Dar es Salaam, alikuwa kitandani katika nyumba yake ya Sandringham, hajitambui. Tabibu wake alikuwa Lodi Dawson wa Penn. Usiku wa tarehe 20 Januari, Dawson aliandika taarifa iliyosomwa katika redio, kwamba maisha ya Mfalme yanaelekea mwisho wake kwa amani, na watu katika nchi nyingi wakakaa kungoja. Askofu Mkuu wa Canterbury, Cosmo Lang, alikuwa katika nyumba hiyo akisoma sala. Kiasi cha saa tano ya usiku Dawson, kwa mkono wake mwenyewe, alimdunga Mfalme mofini kiasi cha robo tatu ya grani, kisha kokeini grani moja, katika mshipa wa shingo. Na kabla ya saa sita kutimia Mfalme alikuwa amekufa.

Hayo hayakujulikana. Yaliandikwa na Dawson katika daftari yake, nayo ikakaa kimya miaka 50. Francis Watson, aliyeandika maisha ya Dawson katika kitabu cha mwaka 1950, hakuyatia kitabuni. Aliyatoa mwaka 1986. Ndipo walimwengu wakasoma kwamba tabibu huyo, pamoja na kutaka kuihifadhi heshima ya Mfalme na kuwapunguzia jamaa zake uchovu wa kungoja, alijali pia saa: alitaka habari ya kifo itokee kwanza katika gazeti la asubuhi, la Times, isitokee katika magazeti ya jioni ambayo hakuyaona yanastahili, na alikuwa amempigia simu mkewe aliyekuwa London awaambie wenye gazeti wangoje.

Tarehe 1 Disemba ya mwaka ule ule wa 1936, Lodi Ponsonby akauleta mbele ya Baraza la Malodi mswada wa chama kile. Ulikuwa mswada wenye hadhari nyingi: mgonjwa awe amepita miaka 21, maradhi yake yawe ya kufisha na yasiyopona, atie sahihi mbele ya mashahidi, na shauri lake lichunguzwe na mwamuzi aliyewekwa na serikali. Askofu Mkuu Lang alisimama akaupinga. Lodi Dawson naye alisimama akaupinga. Na hoja yake ilikuwa kwamba matabibu wema wamekwisha kuiona kazi ya kuupoza mwisho wa mgonjwa kuwa ni sehemu ya wajibu wao, na kwamba jambo hilo liachwe katika dhamiri ya tabibu, lisiingizwe fomu na maofisa katika chumba cha mgonjwa. Kura zilipohesabiwa, waliokataa walikuwa 35 na waliokubali 14.

Nimelifikiri shauri hili mara nyingi, na kwa insafu sipendi kumhukumu Dawson kama mtu mbaya, kwa kuwa mgonjwa wake alikuwa amebakiwa na saa chache tu, na jamaa walikuwa wamemweleza kuwa hawataki maisha yarefushwe bure. Hata hivyo baina ya kutoyarefusha na kuyakata pana umbali, na umbali huo aliuvuka peke yake usiku. Kinachonitia huzuni ni kwamba katika habari yote hiyo, yenye malodi na maaskofu na magazeti, hakuna mahali palipoandikwa kuwa Mfalme aliulizwa. Kama kuna mtu ambaye dunia ingemwuliza, ni yeye. Akafa kama maskini yeyote afavyo, kwa ratiba ya wengine. Waliotaka sheria walitaka angalau sahihi ya mgonjwa na mashahidi wawili; waliotaka mambo yabaki katika dhamiri ya tabibu hawakuwa na hata hilo. Mimi ni katika wanaoamini kwamba ajali haimo mikononi mwa mja, wala siutaki mswada ule. Lakini sioni kwamba upande niliomo ulishinda kwa haki siku ile, maana ulitetewa na mtu aliyekuwa na siri.

Wakati huo huo Ujerumani ilikuwa imekwisha shika njia yake. Mwaka 1920 mwanasheria Karl Binding na tabibu wa maradhi ya akili Alfred Hoche walikuwa wamechapisha mjini Leipzig kitabu kilichotoa rai ya kuruhusu kuuawa kwa watu ambao uhai wao, kwa maneno yao, haustahiki kuishi. Hitler, kwa waraka aliouandika katika vuli ya mwaka 1939 na kuutia tarehe ya nyuma, tarehe 1 Septemba, siku ya kuanza vita, aliwapa matabibu ruhusa ya kuwapa wasiopona kifo cha rehema. Ofisi ya kazi hiyo ilikuwa Berlin, katika nyumba nambari 4 ya barabara ya Tiergarten, ndiyo maana mpango wenyewe ukaitwa T4. Katika nyumba sita, miongoni mwao Hadamar na Hartheim, wenye kichaa, wenye kifafa, vilema na wazee walivutishwa gesi ya sumu, na jamaa zao wakaletewa barua zenye sababu za uongo pamoja na majivu. Zaidi ya watu 70,000 waliuawa hivyo kabla ya Agosti 1941, na baada ya hapo kwa njia nyingine wengi zaidi. Askofu wa Münster, Clemens August von Galen, alipanda mimbari tarehe 3 Agosti mwaka huo, akawauliza Wajerumani: akiruhusiwa kuuawa asiyefanya kazi, itakuwaje askari atakayerudi vitani hana miguu, na itakuwaje sisi sote tutakapokuwa wazee? Nakala za hotuba hiyo zikapitishwa mkono kwa mkono, na kabla mwezi haujaisha Hitler akaamuru mauaji ya gesi katika nyumba zile yasimamishwe. Wanaotaka eutanasia ya hiari husema kwamba hayo siyo wanayoyataka wao, kwamba mgonjwa wao huomba mwenyewe na wale hawakuomba. Nao wasema kweli, na si haki kuwatia katika kundi moja na wauaji wale. Lakini neno lilikuwa limepita katika mikono ile, nalo neno halitoki katika mikono ya namna hiyo likiwa safi.

Vita vilipokwisha, mambo mawili yalitokea katika mwaka mmoja wa 1957, na yote mawili yalimrudia mgonjwa. Mwezi wa Februari Papa Pius wa Kumi na Mbili aliulizwa na matabibu wa dawa za usingizi kama ni halali kumpa mgonjwa dawa ya kuondoa maumivu hali inajulikana kuwa huenda ikayafupisha maisha yake. Akajibu kuwa ni halali, ikiwa hakuna njia nyingine, na nia ni kuondoa maumivu, na mgonjwa amekwisha timiza wajibu wake. Na mwezi wa Novemba akaongeza kwamba mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida ili kuurefusha uhai. Msomaji atamkumbuka yule mwanamke mwenye kifafa katika hadithi ya Ibn Abbas. Jambo la pili halikutiwa magazetini: Mwingereza Cicely Saunders, mwenye umri wa miaka 39 hivi, alihitimu kuwa daktari.

Alianza kwa uuguzi. Mgongo ukamwuma, akahamia kazi ya kuwaangalia wagonjwa katika shida zao za nyumbani na za fedha. Mwaka 1948 aliketi siku nyingi kando ya Myahudi wa Kipoland aitwaye David Tasma, aliyetoka Warsaw, hana jamaa, anakufa kwa saratani katika hospitali ya London. Walizungumza juu ya nyumba ambayo watu kama yeye wangeweza kufia, na Tasma akamwachia katika wasia pauni 500 ili awe dirisha katika nyumba hiyo. Saunders akasomea udaktari kwa ajili hiyo. Katika hospitali ya St Joseph, iliyoendeshwa na masista katika mtaa wa Hackney, alikomesha desturi iliyokuwa imeenea, ya kumngoja mgonjwa alie ndipo sindano ije. Akawapa mofini ya kunywa kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, na ikaonekana kwamba mgonjwa asiyeogopa maumivu hahitaji dozi za kumlevya, huzungumza, hula, huandika barua. Akafundisha pia kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili tu, bali yamo pia katika roho, katika jamaa, na katika deni ambalo halijalipwa. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's huko Sydenham, hospisi, yaani nyumba ya kuwauguza wanaokaribia kufa, ya kwanza ya namna yake, na dirisha la Tasma likawekwa mlangoni. Maisha yake yote aliipinga eutanasia, akiwa Mkristo. Ila hakuipinga kwa kuwakemea wanaoiomba.

Uholanzi ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1973 mahakama ya Leeuwarden ilimhukumu daktari aliyemdunga mama yake mofini ya kufisha kifungo cha juma moja kisichotumikiwa, na kutoka hapo, kesi baada ya kesi, nchi hiyo ikafikia sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2002. Ubelgiji ikafuata mwaka huo huo. Kwa upande wa Waislamu, mkutano wa tiba uliofanyika Kuwait mwaka 1981 uliyakataa mauaji ya rehema, na pamoja na hayo ukasema kwamba tabibu asishindane na mauti pale tiba isipofaa kitu. Na baraza la fikihi lililokutana Amman mwaka 1986 likaruhusu mashine ziondolewe kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa. Ni kauli zenye busara. Lakini niseme wazi: fatwa ikishamkataza mgonjwa kufa, ikamwacha anapiga kelele usiku kucha, imetoa nusu ya jibu.

Katika nchi zetu nusu ile ya pili ilikosekana kwa muda mrefu, na hadi leo katika vijiji vingi haijafika. Mgonjwa wa saratani aliporudishwa nyumbani kwa kuambiwa hana tiba, jamaa walimwelekeza kibla au walimwita kasisi, walimdondoshea maji mdomoni kwa pamba, walimsomea Yasini na kumtamkisha shahada. Mambo mema yote, na wala sitaki hata moja lipungue, ila mwili uliokuwa ukiungua haukupata chochote. Mofini ilikuwa dawa ya kufungiwa kabatini, tabibu anaiogopa, muuguzi haruhusiwi kuiandika, na daktari mmoja ana watu maelfu.

Aliyeushughulikia ufunguo wa kabati hilo alikuwa Dokta Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, aliyewahi kuwa mtawa na kufanya kazi Nigeria, kisha Singapore, kisha katika Hospisi ya Nairobi iliyoanza mwaka 1990. Mwaka 1993 alihamia Kampala, siku ambazo ukimwi ulikuwa ukizimaliza nyumba nzima nzima, akaanzisha Hospisi Afrika Uganda, ambayo makao yake yako Makindye. Dawa aliyokuja nayo ilikuwa rahisi kiasi cha kustaajabisha: unga wa mofini, maji, kitu cha kuizuia isiharibike, na rangi ya kutofautisha nguvu ya chupa na chupa, mtu asije akakosea. Akaishauri serikali ya Uganda, na serikali ikakubali. Na mwaka 2004 sheria ikabadilishwa, wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa kazi hiyo wakaruhusiwa kuandika mofini wenyewe, jambo ambalo nchi nyingi tajiri zilikuwa hazijathubutu kulifanya.

Basi muuguzi huingia ndani ya nyumba ya bati au ya udongo akakaa mkekani, akamwuliza mgonjwa anaumwa wapi, na kwa kiasi gani, na kama yako mengine yanayomsumbua, mtoto asiye na karo au ndugu aliyekosana naye. Akaandika, akaacha chupa pamoja na kipimo chake. Wenye nyumba hufundishwa kutoa dawa kila baada ya saa nne tangu asubuhi, wasingoje maumivu yaamke. Na kipimo cha mwisho, cha wakati wa kulala, huwa maradufu, ili mgonjwa na anayemwuguza wapate usingizi mpaka alfajiri.